Maboga ya Baba, Cedar Hill

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, baba yangu aliamini kwamba boga likinyooshewa kidole kabla ya kuvunwa, huoza. Imani hiyo aliitoa kwao Nyeri, akaja nayo Texas, na sisi watoto tulionyesha maboga yake kwa ngumi. Sikuona ubaya. Hata leo imani yenyewe hainiudhi.

Jirani yetu Mama Neema alikuwa Mkongo kutoka Kivu, akifanya kazi ya kupakia mizigo ghalani. Baba, karani mwenye shati la pasi, alimwita "yule wa maboksi". Lakini mimi nilishinda kwake kila siku baada ya shule, maana wazazi wangu walichelewa kurudi.

Alasiri moja ya Novemba alivuna nyanya zake zote, hata mbichi. Kisha tukarundika majani makavu kwenye mashina ya sukuma wiki, tukazifunika kwa mashuka makuukuu na kukandamiza pembe kwa matofali. Baba alipofika, Mama Neema alimwita kwenye uzio.

"Papa Wairimu, muvune haya maboga leo. Baridi kali itakuya usiku." Akayanyooshea kidole, moja baada ya jingine.

Baba alikitazama kidole, si uso. "Nina wageni Jumapili. Watayakuta hapo hapo yalipo."

Alitaka wayaone yakiwa bado shambani, wapige picha, wamsifu. Ndiyo sababu yote.

Asubuhi bustani yetu ilikuwa nyeusi, imeunguzwa na baridi. Majani ya maboga yamelala kama nguo zilizolowa, na miche ya sukuma ambayo baba aliipanda majuzi tu imekufa. Ng'ambo ya uzio, Mama Neema alifunua mashuka yake. Sukuma zake zilikuwa wima.

Kufikia Jumapili maboga yalikuwa yamelainika, yanatoa maji. Baba, mzee wa kanisa aliyetufundisha kwamba ushirikina ni dhambi, aliwasimulia wageni sebuleni.

"Alisimama pale akayahesabu kwa kidole. Na vyake havikuguswa. Jiulizeni wenyewe."

Miongoni mwao walikuwamo wauguzi wawili, watu waliosomea mwili wa binadamu hadi digrii. Wakatikisa vichwa, wakanong'ona kuhusu Wakongo.

"Wairimu, si ulimwona akinyoosha kidole?"

"Yes, Dad."

Hakuuliza habari za mashuka, nami sikusema. Akanipapasa kichwa mbele ya wageni wote, na mimi, mtoto mpumbavu, nikaona raha.

Tangu siku hiyo nilikatazwa kwenda kwake. Wanawake wa kanisa waliokuja kwetu walimpita bila salamu. Yeye aliendelea kuchuma sukuma zake, Desemba yote, akizifunika kila baridi ilipotangazwa.

Januari, mama alirudi jikoni na fungu kubwa la mboga. Baba alikula ugali, akaongeza, akaongeza tena.

"Hizi umezitoa duka gani? Ni tamu."

"Amenipa Mama Neema."

Mkono ulisimama hewani kidogo. Kisha akaomba pilipili, akaendelea kula.

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau baba siku ile. Kama angetapika, kama angesukuma sahani, ningemheshimu: ningejua kwamba aliamini kweli. Kumbe alimchafulia mwanamke yule jina ili tu asionekane mjinga mbele ya wageni.

Mama Neema alihamia Houston mwaka uleule. Miaka mingi baadaye nilipata namba yake kwa rafiki anayekaa Sugar Land, karibu na Houston. Ninayo kwenye simu huu mwaka wa nne, na sijampigia. Ningeanza kwa kumweleza habari za baba, jinsi alivyokuwa mwoga. Yeye angenisikiliza hadi mwisho, kisha angeniuliza mimi nilisema nini.

Na habari za mashuka nilikuwa nazijua zote.