Shati Lilipofunguliwa Menengai

Aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha, wacha niwaambie, mcheke mkitaka, mimi mwenyewe kucheka kumenishinda.

Mnajua mimi ni mwanamume, ingawa nilizaliwa nikaitwa msichana, na pale Rongai ninapopima mahindi kwenye stoo hakuna aliyejua hilo. Basi Baba Shiro, msimamizi wetu, akaniambia Jumamosi wanaume wa kazini wanapanda mlima Menengai, nami niende. Furaha niliyoipata hamwezi kuielewa. Nikaamua siku hiyo kifua kiwe bapa kabisa, nikajifunga bandeji juu ya bandeji (vesti yangu ya kubana niliiona haitoshi), na chai ya asubuhi nikaiacha kama nilivyoacha ugali wa jana yake, maana siku hizo kila tonge niliona linakwenda moja kwa moja kwenye nyonga.

Tukaanza kupanda. Wenzangu wakasimama kula mayai ya kuchemsha, mimi nikasema nimeshiba (nimeshiba nini, hewa?), nikatangulia kuwaonyesha ubabe, mbavu zimebanwa, pumzi inafika shingoni inarudi. Karibu na kilele macho yakaingia giza.

Nilipozinduka nilikuwa chali, shati wazi, Baba Shiro anakata bandeji kwa kisu cha machungwa. Akaniuliza kama nilikuwa nimevunjika mbavu. Halafu akaona. Wote wakaona. Akavua jaketi lake akanifunika.

Kumbe mwenzetu mmoja alikuwa ameshampigia mama kwa simu yangu, ameiweka laudspika. Mama, ambaye tulikuwa hatuongei naye kwa sababu ya jambo hili hili, akaniita "msichana wangu" mbele ya wanaume wote. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha sauti yake ikashuka.

"Huyo mtoto wangu amekula?"

Baba Shiro akamenya yai, akaniwekea mkononi.

"Kula, boss. Mwambie mathe unakula."

Nikala nikilia, mama akisikiliza kule upande wa pili, hakukata simu mpaka nikamaliza.

Kazini wawili hawanisalimii hadi leo, na inaniuma, sitawadanganya. Lakini bandeji nilizichoma, na mlima sipandi tena tumbo tupu. Afadhali niwe mwanamume mwenye nyonga kuliko maiti yenye kifua bapa.