Aliyebofya Mara Mbili

Gurudumu la ndege lilipita juu ya kichwa changu likaondoka na turubai la trekta. Mlio wake sikuusikia, kwa sababu trekta ilikuwa inanguruma na masikio yangu nilikuwa nimeyaziba kwa vile vifaa vya redio vinavyovaliwa kichwani. Nilichoona ni kivuli kikitambaa juu ya nyasi kunifuata. Kugeuka, nikaona pangaboi la mbele, na nyuma yake kioo, na nyuma ya kioo mtu mwenye shati jeupe amevuta usukani hadi kifuani kama anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Nikaruka. Huko kuruka ndiko kuliniumiza. Trekta iliyobaki bila dereva iliendelea na safari yake, na tairi la nyuma likapanda juu ya mguu wangu wa kushoto, polepole, bila haraka yoyote.

Ndege ilipaa tena, ikazunguka, ikatua vizuri. Abiria watano wakashuka na mizigo yao. Hakuna aliyekufa siku hiyo, na mguu wangu ninao mpaka leo, ingawa unakwenda kwa mapenzi yake. Kwa hiyo msomaji asinionee huruma. Nataka tu aelewe kilichotokea, kwa sababu kwenye karatasi za wakubwa kimeandikwa kingine.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Nilitoka kwetu magharibi nikiwa kijana, nikakaa kwa shangazi Kaloleni, nikafanya vibarua vya kila aina, na mwisho nikapata kazi ya kukata nyasi kwenye uwanja wa ndege ndogo. Uwanja siutaji. Nyasi zikiachwa zirefuke hapo, panya huingia, na ndege wenye manyoya huja kuwafuata panya, halafu ndege zenye injini hugongana na ndege wenye manyoya. Ndiyo maana mtu analipwa kukata nyasi mwaka mzima. Niliipenda kazi hiyo kuliko yoyote niliyowahi kufanya. Asubuhi unakuta umande, unawasha mashine, unasikia harufu ya majani yaliyokatwa, na mwewe wanakufuata nyuma kuokota panzi kama watoto wanaofuata gari la harusi.

Dereva aliyenitangulia alikuwa mzee wa Makadara aliyekaribia kustaafu. Yeye ndiye aliyenifundisha redio. Kwenye redio hiyo kila mtu husikia kila mtu: marubani walio angani, walio chini, sisi wa trekta, na yule aliye juu mnarani anayewaongoza wote. Mnatumia njia moja, kwa hiyo anazungumza mmoja tu kwa wakati mmoja. Lugha ni Kiingereza, lakini hapa nitaandika kwa Kiswahili. Mzee alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanipa sheria moja tu.

"Ukiambiwa neno, lirudishe kama lilivyo. Usipolirudisha, hesabu hujaambiwa."

Mimi nikaishika kama amri ya Mungu. Mnara ukiniambia, "Trekta, vuka barabara ya ndege, ngojea upande wa ua," nilijibu, "Trekta navuka barabara ya ndege, nitangojea upande wa ua." Kila neno. Nilijizoeza nyumbani Kayole, juu ya paa tunakoanika nguo, mpaka mama watoto akawa ananitania. Akinituma nyanya na vitunguu, ananyamaza na kuningoja nirudie kwanza.

Wale waliosoma sasa. Nilikaa kwenye redio hiyo miaka kumi na moja, na nitasema nilichosikia. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akirusha ndege ya kubeba miraa. Huyo hakuwa na subira ya kusikiliza kama kuna mtu anaongea. Alibonyeza kitufe na kuanza, akiuliza rafiki zake habari za mechi, habari za nyama ya Jumamosi, huku mnara una kazi. Kulikuwa na dada wa mnarani wa zamu ya asubuhi, sauti yake tamu kama ya mtangazaji, lakini alizungumza kwa kasi kiasi kwamba wageni walimwomba arudie mara mbili, tatu, naye akirudia huongeza kasi. Na kulikuwa na rubani wa watalii. Huyu alikuwa mtu wa raha, sauti nzito, anacheka kabla ya kusema. Ila kujibu alikuwa hajibu. Akiambiwa jambo, au akisalimiwa, alibofya kitufe mara mbili bila kusema lolote. Masikioni mwetu inaingia: tk-tk. Maana yake nimesikia, au asante, au niko poa, kulingana na siku. Mwanzoni ilikuwa yake peke yake. Baada ya miezi michache nusu ya uwanja wakawa wanabofya, na dada wa mnarani akawa anaipokea kama jibu kamili. Ilimwokolea muda.

Mimi sikubofya. Mimi niliendelea kurudia. Wakaniita Kasuku. Rubani wa miraa ndiye aliyelianzisha jina hilo, hewani kabisa, watu wote wakisikia. Nikimaliza kurudia amri, yeye anaongeza, "Kasuku apewe karanga." Iliniuma siku za kwanza, halafu nikazoea, hata mafundi walinipigia kelele getini kwa jina hilo nami naitika. Mzee wa Makadara aliposikia alicheka sana, akasema bora kasuku kuliko bubu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Nilikuwa nakata kando ya barabara ya ndege, nikipita na kurudi, nikiivuka kila nilipomaliza mstari. Ruhusa yangu ilikuwa ile ya siku zote: kata, vuka, mpaka nikuite. Dada wa mnarani alikuwa na desturi ya kutuita dakika ya mwisho ili kazi isilale. Nilimsikia akimpa rubani mwingine, si hao niliowataja, ruhusa ya kutua, naye bado yuko mbali, na akamwambia trekta itatolewa. Sawa. Nilijua nitaitwa. Nikaendelea na mstari wangu, jua likiwa usoni.

Kisha redio ikapiga mluzi. Watu wawili wakibonyeza pamoja, sisi wengine tunasikia mluzi tu, hakuna neno linalotoka. Nikainua mkono nikitaka kuuliza nani ananiita. Kabla sijabonyeza, ikaingia: tk-tk. Nikajua hao ni marubani, wanasalimiana. Nikaushusha mkono. Nilijiambia kama kuna aliyekuwa na neno kwangu atarudia, maana aliyesema akakosa jibu hurudia. Nikamngoja arudie.

Yeye naye huko juu mnarani alikuwa ameshajibiwa.

Nimelipanga jambo hili kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na linapangika hivi tu. Dada alibonyeza akaniambia nitoke barabarani. Wakati huohuo rubani wa miraa, bila kusikiliza kwanza, alibonyeza akamwuliza rafiki yake jambo la nyama au la mpira. Anayezungumza hasikii wenzake, kwa hiyo dada hakujua kwamba maneno yake yamefunikwa. Rafiki aliyeulizwa, yule wa watalii, alikuwa angani karibu na mwenzake, na kwa ukaribu huo yeye alimsikia, akamjibu kama kawaida yake. Dada akasikia tk-tk akaandika: trekta imesikia. Hakutazama dirishani. Mimi nikavuka.

Walipotuita kwenye uchunguzi nilikwenda kwa magongo. Meza ndefu, chupa za maji, watu wanne wenye tai. Wakacheza kanda. Kinasa sauti kilikuwa mnarani, nacho hakisikii wengine mnara unapozungumza, kwa hiyo mluzi haukuwemo. Kulikuwa na sauti ya dada, safi, ikiniamuru kutoka. Halafu tk-tk. Halafu kimya.

Mkubwa wao akamwuliza dada ni nani mwingine angejibu amri iliyotolewa kwa trekta. Dada akasema hakuwa na sababu ya kudhani ni mwingine. Aliinama wakati anasema, na sidhani alikuwa anasema uongo. Alisema alichoamini. Ndilo kosa lake hilo.

Nikaomba kusema. Nikawaambia mimi sibofyi, katika miaka kumi na moja sijabofya hata mara moja, ndiyo maana uwanja mzima unaniita Kasuku. Mmoja wao akacheka kidogo akafunika mdomo kwa kalamu. Nikawaambia wafungue kanda za siku yoyote wanayotaka wasikilize ninavyojibu. Mkubwa akasema kilicho mbele yao ni kanda ya siku hii. Mibofyo haina sauti ya mtu. Marubani wawili waliulizwa, kila mmoja akasema hakumbuki kubofya. Ripoti ikaandika kwamba dereva wa trekta alithibitisha amri kwa kubofya kisha hakuitii. Kibali changu cha kuendesha uwanjani kikachukuliwa, na hakuna uwanja mwingine ambao ungenipokea na karatasi hiyo.

Mama watoto aliisoma ile karatasi mara mbili, yeye ana kidato cha pili. Akaikunja akaniambia, "Mtu anayerudia mpaka orodha ya vitunguu, leo ndiyo wamwandike hivi." Akaenda kupika. Nililala vizuri usiku huo, kwa maneno hayo tu.

Sasa hivi niko Kariokor. Binamu yangu alinifungulia nafasi kwenye kibanda chake cha kutengeneza akala, vile viatu vya tairi, na kazi ya kukaa inaufaa mguu wangu. Nakata tairi kwa kisu kilicholoweshwa maji, napigilia mikanda, nashona ngozi. Naipenda. Wateja wanapiga gumzo, mama wa chai anapita saa nne na mandazi, na Jumapili nikitoka kanisani napanda kwenye paa letu la Kayole na kiti changu. Ndege zikipita juu nazitazama bila uchungu. Nawapigia wajukuu hadithi kuhusu mwewe na panzi. Nimenenepa. Kama si ile karatasi ningesema maisha yamenilipa.

Majuzi, kabla ya saa sita mchana, wakaja wageni wanne wa ng'ambo na mtu wa kuwatembeza. Sikuinua kichwa, nilikuwa napigilia. Huyo mtu akacheka, halafu akasema, "Mzee, hawa wanataka namba kubwa, miguu yao ni kama mitumbwi."

Nyundo ikasimama hewani. Sura yake sikuwahi kuiona hata siku moja. Sauti hiyo niliisikia miaka kumi na moja, nayo siku zote ilicheka kwanza.

Nikawapimia wageni wake akala, nikawapunguzia mikanda, wakafurahi, wakaenda kibanda cha pili kutazama mikoba. Yeye akabaki kulipa. Nikamwuliza kama bado anarusha ndege. Akasema bado, akauliza nimejuaje. Nikamwambia mimi nilikuwa dereva wa trekta. Nikamwonyesha mguu.

Akavuta kigoda akakaa, na hilo nitamhesabia wema.

"Kasuku," akasema.

"Ndiyo."

"Pole, mzee wangu. Ile kitu ilitusumbua wote."

Nikamweleza nilivyolipanga: mluzi, swali la rafiki yake wa miraa, na jibu. Alisikiliza hadi mwisho huku akizungusha kiatu kimoja mkononi. Nikamwuliza, "Siku ile ulibofya?"

"Mzee, tulikuwa tunabofya kutwa nzima," akasema. "Nitajuaje ya siku ile?"

"Rafiki yako alikuuliza kitu. Ulimjibu kwa mdomo?"

Alifikiri. Niliona kweli anafikiri, hakuwa anajifanya.

"Kwa mdomo?" akasema. "Sisi hatukujibizana kwa mdomo."

Wageni wakamwita. Akainuka, akanishika bega, akasema tutaongea. Akaniachia chenji yote. Nilimtuma mama wa chai amrudishie, na alimfikia karibu na geti.

Hajarudi. Nilimwuliza mtu ninayemfahamu ambaye bado yuko uwanjani, akaniambia kwamba rubani wa watalii yupo, ndege yake inaondoka karibu kila asubuhi. Wa miraa amehamia kwenye ndege kubwa. Dada wa mnarani amepandishwa, siku hizi anafundisha wapya, na wanasema sasa hapokei mibofyo ya mtu yeyote. Vyema. Aliyejifunza amejifunza kwa mguu wangu, lakini faili bado linasema ni mimi niliyembofyia.

Sidai mguu, wala kazi, wala pole nyingine. Dada, uliikubali sauti isiyo ya mtu, na dirisha ulikuwa nalo. Bwana wa miraa, uliongea juu ya amri ya mwenzako. Na wewe wa watalii, uliyekaa kwenye kigoda changu ukaniambia kwa kinywa chako kwamba ninyi hamkujibizana kwa mdomo: ofisi ile unaijua ilipo, unapita mlangoni pake kila siku. Ingia. Omba faili langu. Chini ya pale walipoandika dereva wa trekta, andika kwamba jibu lile lilikuwa lako, utie sahihi, halafu uje Kariokor unisomee.