Mkato wa Tatu

Fomu ililetwa nyumbani na karani wa chama cha wafuga nyuki, wiki moja baada ya arobaini ya baba. Ilikuwa ya Kiingereza kwa sababu mradi uliokuwa ukikisaidia chama ulikuwa wa wazungu. Mimi niliishia darasa la saba. Nilisoma jina la baba, nikasoma Ugalla, msitu alikotundika mizinga yake, halafu nikakwama kwenye neno recognise.

"Ni kutambua tu," karani alisema. "Unakwenda msituni, unatambua mizinga ya marehemu, unasaini. Isiyotambuliwa wanagawiwa wanachama."

Mama hakuwa na shamba la maana. Asali ndiyo ilikuwa imetulea, na sasa ilibaki fomu.

Jumapili nilimpelekea katekista wetu, aliyewahi kukaa seminari miaka miwili. Alilitazama lile neno kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

"Hili limetoka Kilatini, likapita kwa Wafaransa ndipo likawafikia Waingereza. Ndani yake mna 'tena' na mna 'kujua'. Kujua tena. Kitu ulichokijua zamani, ukikiona unakijua mara ya pili."

"Na kama zamani sikukijua?"

"Basi Kilatini hakitakusaidia, mwanangu." Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa nilimkasirikia baba. Miaka yote aliondoka na shoka na kifuko cha unga, akarudi baada ya wiki kadhaa akinuka moshi. Nikimuuliza habari za huko anajibu, "Nyuki hawajambo." Wanawake hatukwenda kambini kwao msituni. Nilichokijua ni alama yake tu, mikato miwili iliyosimama sambamba, kwa sababu aliichonga hata kwenye mpini wa jembe la mama. Kila mfuga nyuki alikuwa na yake, na kuchukua mzinga wenye alama ya mwenzio kulikuwa aibu isiyofutika.

Nilikwenda na karani pamoja na baba mdogo, aliyekaa kambi moja na baba tangu ujana. Tulizunguka siku mbili chini ya miti. Penye mikato miwili nilisema, "Wa baba," karani akaandika. Kisha tukafika kwenye mizinga mitano iliyotundikwa karibu karibu. Kila mmoja ulikuwa na mikato miwili iliyosimama, na wa tatu umelala chini yake.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

Baba mdogo alikuna kichwa. "Kuchonga kachonga yeye, nilimwona. Mkato huo wa kulala hakunieleza. Labda kuna mtu alimwagiza. Lakini wewe sema ni ya kwenu. Nani atabisha? Nyuki?"

"Kama aliagizwa, ni ya mtu."

"Dada, saini twende," karani akasema, akijipiga shingoni. "Mbung'o wananimaliza."

"Hiyo mitano siijui," nikasema. Akaipigia mstari kuonyesha haikutambuliwa, nikasaini.

Nilirudi nyumbani nimechoka, lakini moyo umetulia. Mama alikuwa anachagua maharage. Nilimsimulia safari, na nilipofika kwenye mkato wa tatu mikono yake ilisimama.

"Inuka hapo," akasema.

Nikainuka. Akakipindua kigoda nilichokalia tangu nijue kukaa. Chini yake palikuwa na mikato miwili iliyosimama, na mmoja umelala.

"Wa kulala ni wewe. Baba yako alisema mizinga hiyo ni yako, utaambiwa ukiolewa."

"Mbona hukuniambia kabla sijaenda?"

"Nilidhani baba yako mdogo anajua. Wao wa msituni si ndio wanajua?"

Asubuhi nilikwenda kwa karani na kigoda mkononi. Nilikipindua juu ya meza yake. Alipitisha kidole kwenye mikato. Hakuwa mtu mbaya.

"Fomu imeshaondoka na gari la jana," akasema. "Na wewe mwenyewe ulisema huijui. Shahidi ni baba yako mdogo."

Ningemgombeza kama angekuwa amenisingizia. Nilisema kweli, na kweli yangu ndiyo iliyowapa watu wengine mizinga ambayo baba alinichongea bila kuniambia neno. Nilibeba kigoda nikarudi. Ile mikato mitatu nimeijua sasa, lakini ni mara ya kwanza. Fomu ilitaka ya pili.