Surua Yenye Mifuko

Mkasa huu naona haya kuusimulia mpaka leo, lakini kwa kuwa mmenibana, basi chekeni taratibu.

Ilikuwa mwaka tisini na moja, hapa Kigali, mtaa wa Biryogo. Nilipata kibarua cha kuwauliza akina mama chanjo za watoto zimewafaa nini, maana wakubwa walitaka kujua, mbali na kuokoa roho, chanjo inamwokolea mama siku ngapi za kazi na mtoto siku ngapi za shule. Msimamizi wangu, Bwana Anastazi, alinisihi ugonjwa niutaje kwa Kinyarwanda, iseru, kila mtu anaujua. Mimi nikajifanya mjuaji (babu yangu alitoka Bagamoyo, basi kiburi cha Kiswahili kikanipanda kichwani), nikaamua kusema surua.

Nikaanza kwa kuketi kizingitini kwa Mama Huseni, fundi cherehani, ambaye hakusimamisha mashine yake hata kidogo. Nikapaza sauti kumuuliza surua ya mtoto mmoja inakula siku zake ngapi za kazi.

“Suruari ya mutoto? Siku moja. Ikiwa na mifuko, mbili.”

Nami nikaandika! (Nilidhani mifuko ni macho kuvimba.) Nikamuuliza kama watoto wote wa mtaa wameshapata (nikimaanisha chanjo), akasema bado, nikasema basi waje wote, wakubwa wanataka kila mmoja apate. Jirani akasikia, akamwita mwenzake, na kufumba na kufumbua ua umejaa akina mama na watoto wao wa kupimwa kiuno, mmoja kaja mpaka na mumewe. Hapo ndipo Bwana Anastazi alipofika, akanipokonya karatasi na kusoma kwa sauti, “Surua yenye mifuko, siku mbili,” kisha akawaeleza kwa Kinyarwanda kwamba ni iseru, na ua mzima ukaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze.

Mama Huseni peke yake hakucheka. Alisimamisha cherehani.

“Iseru haina hesabu ya siku,” akasema. “Huseni alikuwa na pacha wake, Hasani. Iseru ilimuchukua, chanjo ikafika nyuma yake. Mupaka leo, nikikata suruari ya Idi ya Huseni, nakata mbili. Ingine navalisha mutoto wa jirani. Akipita namuangalia kwa mugongo tu.”

Fomu ilikuwa na kisanduku cha namba tu. Nikaichukua tena mkononi mwa Bwana Anastazi, nikaandika pembeni: suruali moja, haina mwenyewe. Bwana Anastazi aliisoma na hakuifuta.

Mwaka tisini na nne tulitawanyika, kila mtu na njia yake, na Mama Huseni sikumwona tena. Tangu siku ile simuulizi mtu ugonjwa wake kwa neno lisilo lake. Lakini kila Idi ikikaribia, nikipita kwa mafundi nikasikia cherehani, natamani kuketi tena pale kizingitini kwake na karatasi yangu ya kijinga, niseme surua kwa kiburi kilekile, na safari hii naye anicheke.