Mama Aliyeuliza Wenzake Wako Wapi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Kazi yangu ni kuuza dawa katika duka moja hapa Voi. Kutwa nzima nasoma maandishi madogo kwenye vichupa na kuwaambia watu wanywe hii asubuhi, hii jioni baada ya chakula. Mimi si mtu wa kuona vitu. Sinywi pombe, na jioni ile sikuwa na homa. Nilikuwa nimeketi nje nyumbani kwa mama yangu, Rukanga, jua limetoka tu kuzama, chai bado ina moto kikombeni. Nilichokiona nilikiona kwa macho haya, na aliyeketi nami aliketi karibu kama ulivyo wewe sasa.

Lakini kwanza nikueleze nyumba yenyewe ilivyokuwa, la sivyo hutanielewa.

Upande ule wa kijiji, kule chini ya mlima Kasigau, mama yangu ndiye aliyetangulia kuwa na dishi na king'amuzi. Kaka yangu ndiye aliyemwekea. Basi kila siku ikikaribia saa moja ya jioni, kina mama walianza kuingia na leso zao mabegani, kila mmoja na kiti chake anachokijua. Walikuja kwa ajili ya tamthilia, zile za nje zinazotiwa sauti za Kiswahili. Ya wakati huo ilikuwa na mama mkwe mmoja tajiri aliyejifanya kipofu ili asikie watu wa nyumba yake wanasema nini mbele yake. Walivyomchukia yule mama mkwe, ungedhani amewaibia kuku. Walimtukana, wakamcheka, wakabishana kama mume wa fulani ataambiwa ukweli leo au kesho. Na ikiisha, hakuna aliyetoka peke yake. Kwetu ndovu huvuka kutoka mbugani wakaingia mashambani, kwa hivyo walirudi kwa pamoja, tochi mbele, mmoja akigonga sufuria, wakiachana mlango kwa mlango.

Kisha mvua moja ikaja na radi. Dishi likapigwa, king'amuzi kikatoa moshi, habari yake ikaishia hapo.

Miaka hiyo mimi nilikuwa Kitale kikazi. Nilipokuja Krismasi nikaona hakuna haja ya kununua king'amuzi kingine. Siku hizi nani anahangaika na dishi juu ya bati? Nikampa mama simu nzuri, nikaweka ile app, nikamwonyesha pa kugusa. Tamthilia ile ile, mama mkwe yule yule, na ukikosa ya leo unaitazama kesho. Majirani waliokuja kunisalimu wakaona, nao wakataka. Wenye simu nikawawekea, wasio nazo wakawapigia watoto wao mjini. Walifurahi, niamini. Mmoja alisema sasa atatazama akiwa amelala chali kitandani, miguu juu ya mto, kama mke wa mbunge. Tulicheka sana siku hiyo.

Baadaye nikapata kazi hii ya Voi, nikawa naweza kwenda nyumbani Jumamosi na Jumapili. Nyumba niliikuta kimya. Mama alikuwa mzima, lakini alikuwa amepunguza maneno, na jioni aliingia ndani mapema. Nikadhani ni umri. Nilikuwa nimesikia pia kwamba jirani mmoja, Mama Mwende, alikuwa amefariki. Huyo sikuwahi kumwona. Alitoka Ukambani, akanunua shamba pale wakati mimi niko mbali, na kila Krismasi alikuwa akienda kwao Makueni, kwa hivyo tulipishana. Mama aliniambia kwenye simu kwamba ilikuwa presha, kisha akageuza mazungumzo. Nikasema pole, nikaendelea na kazi zangu.

Sasa jioni yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi. Mama alikwenda kanisani kwenye maombi ya kina mama, nami nikabaki. Mtandao uani kwetu unashika vizuri mahali pamoja tu, kwenye benchi la nje kando ya zizi la mbuzi, kwa sababu kwingine kote mlima umeziba. Nikatoka na chai yangu, nikatia waya masikioni, nikafungua app. Kale kaduara ka kusubiri kakaanza kuzunguka. Hapo ndipo niliposikia hodi.

Alikuwa mama wa makamo, amesimama penye uwazi wa ua. Leso kiunoni, na juu amevaa sweta zito la kijani, nami joto lilikuwa limenifanya nijipepee na mfuniko wa sufuria. Hakuwa na tochi. Nikamwambia karibu mama, ila mwenye nyumba yuko kanisani. Akasema anajua. Akasema amekuja kutazama.

Ungefanya nini? Nilisogea. Kwetu mtu akija kutazama anapewa nafasi, hayo ndiyo malezi niliyokulia. Akaketi. Nilipompa simu ashike mwenyewe alikataa kwa mkono, akasema niishike mimi. Basi nikachomoa waya mmoja sikioni nikampa, tukawa kila mtu na sikio lake. Vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa vya baridi, si baridi ya mtu aliyenawa, baridi ya chungu cha maji kilichokaa kivulini siku nyingi.

Nikamuuliza kama hakuogopa kutembea peke yake saa zile, na ndovu walikuwa wameonekana shambani juzi tu.

"Ndovu hawanijali siku hizi, mwanangu," akasema.

Alisema hivyo bila kucheka, nami nikachukulia ni utani wa wazee. Kisha akaniuliza yule mama mkwe kama alishagunduliwa. Nikashangaa kidogo. Alikuwa amegunduliwa zamani, tena hata kesi ilishakwisha na sasa anaishi kwa dada yake. Akaniomba turudi nyuma, tuanzie siku ile anavuliwa miwani mbele ya wageni, kwa sababu yeye alifika hapo ikamkatikia.

Hapa ndipo roho huniuma nikikumbuka. Kurudi nyuma kwenye app ni kazi gani? Unagusa mara moja tu. Lakini mimi nilitaka ya leo, na niliona bando litaniishia. Nikamsimulia kwa ufupi, haraka haraka, kama mtu anayefukuza gari. Nikamwambia binti wa jikoni ndiye aliyemvua miwani. Akatikisa kichwa polepole, akasema alijua tu ni yule binti.

Tukatazama. Mtandao ukawa unakata na kurudi. Na ni katika kule kukatika, picha imesimama, ndipo nilipoanza kuona mambo ambayo sikuyaona mwanzo. Mwanga wa simu ulikuwa unaangaza mikono yangu. Uliangaza leso yake, nikaona hata maua yake. Uliangaza sweta, nikaona kifungo cha juu hakipo, pamefungwa kwa pini. Lakini haukufika usoni kwake. Uso ulibaki na giza lake, kana kwamba mwanga ulifika kidevuni ukagoma. Nikainua simu kidogo. Bado. Na mbuzi, ambao kila jioni hulia mpaka wakuchoshe, walikuwa wamesongamana upande wa mbali wa zizi, kimya, wanatutazama.

Sikukimbia. Watu huniuliza kwa nini sikukimbia. Sijui nikwambie nini. Alikuwa ameketi kwa adabu, mikono mapajani, anasubiri mtandao urudi. Unamkimbiaje mtu anayesubiri mtandao?

Akaniuliza, "Na wenzetu wako wapi?"

Nikamwuliza wenzetu gani.

"Wa saa moja."

Nikamweleza kwamba siku hizi kila mtu ana simu yake, anatazama kwake kwa raha zake, hakuna kusumbuana. Tena nilisema kwa kujivuna kidogo, nikamwambia mimi ndiye niliyewawekea wengi wao.

"Hata mimi nilinunuliwa simu," akasema. "Nikawa natazama peke yangu. Na siku sikuweza kuinuka, hakuna aliyeuliza mbona sijafika."

Nikadhani ni mama mpweke aliyewahi kuugua, anatafuta wa kumlalamikia. Nikamwambia awe anakuja Jumamosi nikiwapo, tutatazama pamoja. Mara nikasikia sufuria ikigongwa njiani, sauti za kina mama, nikaona tochi. Nikainua kichwa nikamwita mama, nikamwambia tuna mgeni.

Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu. Ule waya aliokuwa nao ulikuwa umelala pale alipokuwa ameketi, unasema peke yake kwa sauti ndogo. Njia ya kutoka ni moja, na mama alikuwa amesimama hapo hapo na tochi.

Mama akaniuliza mgeni gani. Nikamweleza: mama wa makamo, leso ya maua, sweta la kijani. Nikataja na ile pini. Mama alitoa mkono akashika boriti ya zizi, kisha akajishusha taratibu mpaka chini akaketi mchangani, na nguo zake za kanisani.

"Hiyo pini niliifunga mimi," akasema. "Nilimvalisha mimi, mochari, hapo Voi."

Mmoja wa wenzake aliokuja nao alizima tochi, sijui kwa nini. Nikajua wote wanajua jambo ambalo mimi sikuambiwa.

Usiku huo mama alinieleza, na alinieleza akiwa amenigeuzia mgongo, anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Mama Mwende alikuwa hakosi kuja. Mvua, jua, alikuja. King'amuzi kilipoungua, mwanawe wa Mombasa alimnunulia simu yenye app, naye akawa anatazama nyumbani kwake. Jioni moja mama alipita mbele ya nyumba ile akitoka kusaga unga. Alisikia tamthilia inaendelea ndani, watu wanagombana, watu wanacheka. Akamsalimu kwa sauti kutoka njiani. Hakuitikiwa. Akasema moyoni, leo imemnogea huyu, akaenda zake akiwa na furaha kwamba jirani yu salama.

Hakuwa salama. Alikuwa sakafuni tayari. Simu ilikuwa inajisemea tu mpaka moto wa betri ukaisha. Kesho yake mama alipita tena, akakuta kimya, akadhani ameenda shambani. Aliyemkuta ni mtu wa kuuza maji, aliyeona kuku hawajafunguliwa. Na hospitali walisema hakufa upesi.

Mama hakuniambia chochote cha hayo kwa sababu, alisema, nilikuwa nimefurahi sana na zile simu, tena sikukosea, na yeye hakutaka nilale nikifikiria. Zamani, Mama Mwende asingefika mpaka tamthilia inaanza, mmoja wao angeinuka kwenda kumgongea. Si kwa sababu wana roho nzuri kuliko watu wa sasa. Ni kwa sababu kiti chake kingeonekana.

Tulijaribu kurudisha mambo. Nilinunua waya wa kuunganisha simu na ile televisheni ya zamani, tukaitoa nje penye benchi, app ikawa inaonekana kwenye kioo kikubwa, tukawaita wote. Siku za mwanzo walijaa. Kisha mmoja akasema mtoto anasumbua, mwingine akasema atatazama kesho asubuhi kwani haipotei, mwingine ndovu. Sasa wamebaki mama na wawili. Mwanzo wa tamthilia mmoja wao huhesabu vichwa kwa macho, naona, hata kama hasemi.

Yule mama hajarudi. Nimeketi kwenye benchi lile Jumamosi nyingi, na nitakwambia ukweli, mara nyingine nimefungua ile sehemu ya mama mkwe kuvuliwa miwani, nikaiacha icheze mpaka mwisho, na waya mmoja nikauweka kando yangu. Hakuna aliyekuja kuuchukua. Na tangu siku ile siwezi kutia waya masikio yote mawili. Nikitia, upande mmoja unasema tamthilia, na upande wa pili, picha ikisimama, nasikia mtu anapumua polepole kama anayesubiri. Nimebadilisha waya, nimebadilisha simu. Ni vile vile. Hapa Voi, kwenye vyumba ninapokaa, wapangaji wenzangu wananiona wa ajabu kwa sababu kila jioni nawagongea kuwasalimu, hata wasionipenda.

Sikwambii utupe simu yako. Mimi mwenyewe bado natazama, na king'amuzi sitanunua tena. Lakini ukipita kwa jirani ukasikia kipindi kinaendelea ndani, usiseme yuko salama. Mwite. Asipoitika, gonga. Asipoitika tena, sukuma mlango uingie, na akikukasirikia, mshukuru Mungu kwamba amekasirika.