Ganda la Kereng'ende

Nilipokuwa mtoto, tuliishi nje kidogo ya Garissa, karibu na lambo la kunyweshea mbuzi. Mvua ikinyesha tu, kereng'ende walifika, wa manjano iliyokolea, wakiruka kutwa bila kutua. Hao hatukuwaogopa. Tuliogopa maganda yao: makavu, yenye miguu na macho, yameng'ang'ania nyasi za ukingoni, yamepasuka mgongoni na ndani hamna kitu.

Bibi yetu, Ayeyo, alisema kila ganda lina mwenyewe, jini wa maji. Ukilibeba nyumbani atalifuata, na asipolipata atakuingia wewe.

Mdogo wangu Hodan alilibandika moja kwenye mtandio wake. "Ona pini yangu!" akanicheka. "Mwoga wewe, hata mbuzi wanakushinda."

Usiku huo akashikwa na homa, akawa anatetemeka na kuweweseka.

Baada ya swala ya alfajiri, Ayeyo alinipa lile ganda ndani ya kitambaa. "Ayeyo," aliniita, kwa jina lake mwenyewe, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu, "lirudishe kwenye unyasi kabla jua halijatoka. Ukiondoka, usigeuke nyuma."

Nilikwenda nikisoma Ayatul Kursi, nikiisahau na kuianza tena. Nilipoinama kulipachika ganda, nikaona kitu cha kijivu kikipanda unyasi kutoka majini, polepole. Kikatulia. Mgongo ukapasuka. Kikatoka kichwa chenye macho makubwa, kisha mwili laini, uliopauka, na mabawa yaliyokunjamana kama nguo mbichi.

Nilijua ndiye mwenyewe. Nikalipachika lile ganda kando yake.

"Chukua lako," nikanong'ona. "Wallahi, mwachie Hodan."

Niliporudi, Mama alikuwa ameshampakia Hodan kwenye bodaboda kwenda zahanati. Ilikuwa malaria. Alipona.

Miaka ikapita. Darasani mwalimu akachora ubaoni yai lililotagwa majini, kisha mdudu asiye na mabawa anayewinda chini ya maji, kisha kereng'ende akilivua ganda lake. Nilitaka kusema nimewahi kumwona akitoka. Nikaona haya.

Juzi mwanangu alikuja na ganda begani. Kabla ya kusema lolote nilimshika paji la uso. Halikuwa na joto. Ayeyo hakuwa na habari za mbu, ila alijua kwamba mtoto mwenye ganda ametoka kucheza pale maji yaliposimama.

"Hooyo, twende tulirudishe," nikamwambia mwanangu, nikimwita "mama" kama Ayeyo alivyoniita kwa jina lake.

Tulipotoka lamboni, sikugeuka nyuma.