Onja na Mwewe wa Ranovelona

Onja hakuwa mtoto wa kukaa. Mama yake, Nivo, alizoea kusema kwamba hata tumboni alikuwa akitafuta mlango. Kwa hiyo waliposhuka mbele ya geti la Ranovelona, nyumba ya tiba ya maji moto iliyo juu ya majaruba ya mpunga karibu na Betafo, mahali ambapo watu wazima huenda kunyamaza, Onja alijiona kama mfungwa asiyejua kosa lake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wake Tsilavo alikuwa na saba, naye hakujali lolote mradi wali uwepo.

Mama alikuwa mdarizi kule Antsirabe. Tangu mwezi wa nane mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Aliangusha sindano, kisha vikombe, na siku moja sufuria nzima ya wali. Baba alikuwa kusini, Ilakaka, mwaka wa pili sasa, akichimba yakuti. Onja aliyapanga mambo kichwani mwake hivi: mikono ikipona wanarudi nyumbani, na wakirudi nyumbani baba naye atakuja. Kila asubuhi aliitazama ile mikono kama mtu anayetazama chungu kisichotaka kuchemka.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Bakoly, mwanamke mrefu mwenye shuka jeupe begani, aliyesema polepole kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala chumba cha pili. Aliwapa masharti siku ile ile.

"Hapa hatuli nyama. Kuanzia saa tatu mpaka saa sita ni kimya, hata kwa watoto. Na ule uzio wa mianzi nyuma ya jiko, hakuna anayeuvuka. Kule ndiko liliko jicho la chemchemi. Ni mwiko."

"Nikivuka itakuwaje?" Onja akauliza.

"Onja!" Mama akamkata.

"Maji yatakukasirikia," alisema Bi Bakoly.

Siku tisa Onja alikaa kimya akizunguka nyumba kama nzi kwenye chupa. Siku ya kumi upepo ulivunja tawi la msonobari karibu na geti, na pamoja na tawi likaanguka tundu kubwa la vijiti na matambara. Kando ya tundu palikuwa na kinda la mwewe, manyoya meupe kama pamba iliyochambuliwa vibaya, mdomo wazi, hasira tupu.

Tsilavo alichuchumaa. "Dada, anatudharau."

"Nani?"

"Huyu. Tazama anavyotukodolea macho. Kama jenerali amekuta vifungo vyetu vimefunguka."

Basi akawa Jenerali. Walimfunga katika sweta la Tsilavo, wakamficha kwenye banda la kuku lililobaki tupu tangu nyama ilipopigwa marufuku. Walijua vizuri kwamba hakuna mtu Betafo nzima anayempenda mwewe, mwizi wa vifaranga. Angeonekana, angepigwa fimbo bila mjadala.

Chakula chake ndicho kilichowahangaisha. Walianza na panzi. Tsilavo alikuwa hodari wa kuwanasa, ila na yeye aliwapenda, wa kukaanga, kama mtoto yeyote wa huko, na ilimuuma kuwatupia ndege.

"Wanne wake, mmoja wangu," alisema.

"Utampa wote watano, mlafi wewe."

Lakini kinda lilikuwa linakua kila kukicha, na panzi hawakutosha. Lilitaka nyama. Kuitafuta nyama katika nyumba isiyokula nyama kuliwafanya watoto wale wawili wajue mambo ambayo hata Bi Bakoly hakuyajua. Walijua kwamba mama mmoja kutoka Ambositra, aliyeagizwa asisikilize habari kwa sababu ya moyo wake, alikuwa na redio ndani ya mto wa kulalia. Walijua mpishi anavutia sigara nyuma ya kamba ya nguo. Na walijua, kwa harufu tu, kwamba mwalimu mstaafu Ralaivao, mwenye magoti yaliyovimba, alikuwa na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi chini ya godoro.

Onja alimwendea saa ya kimya, akanong'ona. "Mwalimu, tuna mgonjwa wetu. Anahitaji nyama."

Mzee akafunga mlango. "Nyama gani? Hapa hakuna nyama."

"Ile ya chini ya godoro."

Ralaivao alimtazama, akacheka bila sauti hadi mabega yakatikisika. "Kipande kimoja kwa siku. Na ukisema, na mimi nitasema. Huyo mgonjwa wenu anapiga kelele kila alfajiri, mnadhani sisi ni viziwi?"

Hivyo Jenerali akanenepa. Manyoya meupe yakapukutika, yakaota ya kahawia. Katikati ya mwezi wa kumi na moja akawa anaruka kutoka bandani hadi begani kwa Onja, kisha hadi paa la jiko, akitua vibaya kama mlevi. Onja alimwonea wivu. Kila ndege alipoyakunjua mabawa yake, Onja naye alihisi kitu kinamvuta mgongoni. Alimuuliza mama mara mbili kwa siku kama vidole vimeanza kusikia. Mama alijibu, "Bado kidogo," na kuangalia pembeni.

Asubuhi moja, katikati ya kimya, Jenerali aliruka kutoka paa la jiko, akashikwa na upepo, akavuka uzio wa mianzi. Hakurudi. Onja alisimama mbele ya uzio. Aliogopa mwiko kweli. Usiku wa kwanza alikuwa ameota maji yanamfuata kitandani. Lakini miguu yake haikuwahi kumngoja aamue. Ilishapenya.

Hakukuta mahali patakatifu. Alikuta rundo la kuni za mikaratusi refu kuliko nyumba yao ya Antsirabe, mapipa matatu ya chuma juu ya moto, mabomba yanayoingia ardhini kuelekea bafuni, na Mzee Rajaona, ambaye siku zote Onja alidhani ni mtunza bustani, kifua wazi, mweusi kwa masizi hadi kwenye kope. Jenerali alikuwa ametua juu ya kuni.

"Umefuata nini huku?" Rajaona aliuliza, bila ukali.

"Mwewe wangu."

"Mwewe wako ameninyea shokani. Mchukue."

Onja hakumchukua. Alikuwa amekiona kidimbwi kando ya mwamba, kimezungushiwa mawe mazuri ya kale, vyura wawili wamekaa ukingoni. Akachovya mkono. Akautoa haraka.

"Ni baridi!"

"Mwaka wa tatu sasa." Rajaona alikaa juu ya gogo. "Tuliamka siku moja yamepoa, basi. Yeye Bakoly alikaa hapo ulipo, akalia mpaka jua likamchoma. Baba yake na babu yake waliishi kwa maji haya. Mimi nikamwambia, kuni si zipo."

"Kwa hiyo mnadanganya watu."

"Tunawaogesha watu maji moto, mwanangu." Alijifuta uso, masizi yakaongezeka. "Lakini ndiyo. Tunadanganya. Sasa wewe utafanya nini?"

Onja alikimbia. Wiki saba! Wiki saba wameketi hapa, amenyamaza, amekula maharage na mboga za majani, akingoja maji yamponye mama, na maji yenyewe ni ya mapipa. Aliingia bafuni bila kubisha. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa birika kubwa la kuogea, mikono imezama hadi viwiko, na nyuma ya pazia wageni wengine wako katika maji yao, kimya.

"Mama, toka! Maji ni ya uongo! Chemchemi imekufa, wanachemsha kwa kuni, nimeona kwa macho yangu!"

Nivo hakushtuka. Hicho ndicho kitu ambacho Onja hakukisahau maisha yake yote. Alitoa mikono polepole, akaikung'uta.

"Najua."

"Unajua?"

"Mashuka yetu yananuka moshi wa mikaratusi tangu siku ya kwanza. Mimi nimezaliwa jikoni, Onja. Punguza sauti."

"Basi tuko hapa kufanya nini? Kwa nini hatuendi nyumbani?"

Nyuma ya pazia maji yaliacha kuchezacheza. Mama akamshika bega, wakatoka hadi kwenye ngazi za nyuma, na pale, akitazama majaruba, alisema yote kwa mkupuo kama mtu anayetapika. Mwezi wa nane ilikuja barua. Baba ana nyumba nyingine Ilakaka, mke, na mtoto wa kike anayetambaa. Hatarudi. Nyumba ya Antsirabe ni ya ukoo wake, na mama mkwe alishasema anaihitaji. Siku ile aliposoma, sindano ilimdondoka, na tangu hapo vidole havikushika tena.

"Hapa hakuna anayeniuliza mume wako anakuja lini," alisema. "Hicho ndicho nilichokifuata. Sikufuata maji."

Onja alitaka kulia, machozi yakakataa. Alitaka kumpiga mtu, akakosa wa kumpiga. Alizunguka ua mara nne, akamkuta Tsilavo amekaa na Jenerali mapajani, ambaye Rajaona alikuwa amemrudisha mwenyewe.

Kufikia saa sita nyumba nzima ilikuwa inachemka kuliko mapipa. Mama wa Ambositra alifungasha akipiga kelele, redio ikilia ndani ya mto. Wengine walimzingira Bi Bakoly ukumbini. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ya kawaida, nayo ilikuwa nzito, ya mwanamke wa shamba.

"Ni kweli. Ilipoa. Nilidhani itarudi wiki hiyo, kisha mwezi huo. Kisha nikaona aibu. Sina zaidi."

Ndipo mwalimu Ralaivao akainuka kwa fimbo yake.

"Mimi nimefika hapa natambaa, leo nimesimama. Magoti yangu hayajawahi kuniuliza maji yamechemshwa na nani." Akamgeukia Bi Bakoly. "Ila kwa kuwa leo ni siku ya kuungama, binti yangu, mimi nina nyama chini ya godoro, na wala siitupi."

Watu wakacheka, baadhi kwa hasira. Nusu yao waliondoka hata hivyo, na geti lilikaa wazi hadi jioni. Juma lililofuata Bi Bakoly alipaka rangi juu ya maneno ya bango la getini yaliyosema maji yanatoka moyoni mwa dunia. Alibakiza mawili: Maji Moto.

Kilichomkera Onja ni kwamba hakuna aliyemgombeza. Asubuhi iliyofuata ile siku ya kuungama, kwa kuwa hakuweza kukaa wala kulala, alivuka ule uzio akaanza kubeba kuni. Rajaona alimsogezea tu glovu zake.

Mwisho wa mwezi huo wanakijiji walichoma nyasi milimani, kama kila mwaka kabla ya mvua, na mwewe wakaja kwa makumi kuzunguka moshi, wakidaka panzi waliokimbia moto. Jenerali alikuwa juu ya banda. Alipiga kelele mara moja, akaruka moja kwa moja, bila kuyumba, na baada ya muda mfupi watoto hawakuweza tena kumtofautisha na wenzake. Tsilavo alilia siku mbili. Onja alikasirika, akakasirika hasa kwa kuwa angefanya vivyo hivyo.

Hawakurudi Antsirabe. Vidole vya Nivo vilipona nusu: havikuweza tena sindano, lakini viliweza kukanda migongo, na Bi Bakoly akamwajiri. Tsilavo alisoma shule ya Betafo, akaoa huko huko. Onja alijifunza mapipa, kisha mabomba, kisha pampu, na alipofika miaka kumi na tisa alibeba spana zake akaondoka. Amefanya kazi Fianarantsoa, Toamasina, na miji ambayo hata yeye huchanganya majina yake. Ni fundi mzuri. Wateja wake humlalamikia jambo moja tu, kwamba humaliza kazi na kutoweka kabla chai haijaiva.

Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu aliitwa kutengeneza pampu ya mgodi Ilakaka, akakubali kabla hajafikiri. Baba yake alimtambua sokoni. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa, na akampeleka kwake kula wali na kunde. Yule mtoto wa barua alikuwa sasa binti wa miaka kumi na miwili, Fitia, msichana mtulivu aliyeketi mkekani mchana kutwa akisuka kofia za ukili, na alimtazama mgeni huyu kama mtu aliyemsikia muda mrefu kwenye habari za wengine.

"Mama yako anaendeleaje na mikono?" baba aliuliza.

"Anakanda watu."

Alisubiri baba aseme zaidi. Baba akamwongezea maji ya ukoko, yale yanayochemshwa katika sufuria yenye wali ulioungua. Onja alikuwa ameahidi kukaa siku tatu. Siku ya pili, jua likiwa halijapanda, alikuwa kituoni na begi lake. Fitia alimfuata mbio, akampa kofia moja, kubwa mno kwa kichwa chake.

"Dada, utakuja tena?"

"Sijui," alisema Onja, kwa sababu hakutaka kumdanganya, na gari likaondoka.